Sado ya Kununulia na Sado ya Kuuzia

Maneno haya niliyasema katika ibada ya mchana ya wafanyabiashara hapa Moshi, wiki ya kwanza ya Desemba. Nimeyaandika karibu kama yalivyotoka mdomoni. Nimepunguza vicheko, maana maandishi hayachekeshi kama mtu mwenyewe.

Bwana Yesu asifiwe! Na Wakatoliki wetu, Tumsifu Yesu Kristo! Wazee wangu mlioketi huku mbele, shikamooni.

Nimepewa dakika 25. Mama mwenyekiti ameshanionya kwamba saa nane kamili watu wanarudi madukani, hata kama mimi nitakuwa bado katikati ya sentensi. Sitachukia. Mteja hangoji.

Mada mnaiona pale ubaoni: kuufuata uongozi wa Kristo kwa utii katika maisha ya kila siku. Nilipoletewa nilisema wamekosea mtu, wangemwita mchungaji. Mimi nauza nafaka pale soko la Mbuyuni, huu ni mwaka wa 22. Mahindi, maharage, mchele, na dagaa kidogo pembeni. Mwenyekiti akanijibu, "Mahubiri tunayo Jumapili. Wewe tueleze unatii nini pale dukani." Swali hilo limeninyima usingizi siku mbili, na mkiona macho yangu mekundu msidhani ni maombi ya usiku.

Nianze na neno lenyewe. Mama akisema, "Mtoto huyu hasikii," hatumpeleki hospitali ya KCMC akapimwe masikio. Tunaelewa kabisa kwamba ametumwa maji hakwenda. Na mtoto akisifiwa kuwa msikivu, maana yake ni kwamba akitumwa anainuka. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu: tazameni, kosa limefanyika sikioni, adhabu imetua mguuni. Wazee wetu hawakuona umbali wowote kati ya sikio na mguu. Umbali huo tumeuweka sisi, na tumeuweka kanisani. Tunatoka ibadani tunasema, "Leo neno lilikuwa tamu," kama watu wanaosifia mtori. Kisha tunapanda daladala, tunapunja nauli ya konda.

Sasa nataka tuende Kana, Yohana sura ya 2. Arusi mnazijua. Hapa kwetu arusi ina kamati, ina mwenyekiti wa kamati, ina michango inayodaiwa mpaka usiku wa manane kwenye simu. Fikirini mbege, pombe yetu ya ndizi, imekwisha saa mbili usiku na wageni wa upande wa bibi arusi ndio kwanza wanashuka kwenye gari. Aibu yake hata wajukuu watasimuliwa. Ndilo lililotokea pale. Mariamu akawaambia watumishi, "Lo lote atakalowaambia, fanyeni." Halafu Yesu akawaambia wajaze maji mabalasi.

Mimi ni mtu wa vipimo, kwa hiyo nikisoma Biblia huwa nakwama kwenye vipimo. Mabalasi yalikuwa sita, ya mawe, na kila moja "lapata kadiri ya nzio mbili au tatu". Wataalamu hukadiria kuwa ni lita 80 hadi 120 kwa balasi moja. Haya, pigeni hesabu. Mabalasi sita ni lita 480 mpaka 720. Kwa ndoo zetu hizi za lita 20, hizo ni ndoo 24 kwa uchache, na zikizidi ni 36. Hakuna bomba wala mpira wa kumwagilia. Ni kisima, kamba na bega. Na ndani arusi inaendelea, watu wanacheza, hakuna aliyewaambia hawa vijana kwamba kutakuwa na divai. Wameambiwa maji tu. Tena maji yenyewe ni ya kutawadha, ya kunawa miguu na mikono, wakati tatizo la arusi ni kinywaji. Mimi ningeuliza. Ningesema, "Mzee, samahani, hujaelewa shida ni nini."

Wao, Yohana anasema, "wakayajaza hata juu."

Hapo kwenye "hata juu" ndipo ninapowaheshimu. Nani angewakagua? Ndoo ya 30 mtu amechoka, bega linawaka, balasi la mwisho limefika shingoni, angesema inatosha. Kisha likaja agizo la pili, na mimi naona ni gumu kuliko la kwanza: "Sasa tekeni, mkampelekee mkuu wa meza." Uchukue maji ya kunawia, umpelekee mwenyekiti wa kamati kwenye glasi, mbele ya wageni! Hatuambiwi maji yaligeuka dakika ipi. Inawezekana walitembea na maji mpaka hatua ya mwisho. Halafu Yohana anatia maneno machache ambayo nilikuwa nayapita kila mwaka bila kuyaona: mkuu wa meza hakujua divai imetoka wapi, "lakini watumishi waliokuwa wameyateka maji walijua." Mwenye cheo hakujua. Bwana arusi hakujua. Aliyejua ni yule mwenye alama ya kamba begani.

Mimi nilikuwa nataka kujua kwanza, ndipo niteke.

Sasa niwaambie habari yangu, maana nimeahidi. Miaka kadhaa nyuma nilikuwa mzee wa kanisa kwenye usharika wetu, nahesabu sadaka Jumapili, naongoza maombi ya nyumba kwa nyumba. Wakati huohuo nilikuwa nawaza kufungua duka la pili Arusha, upande wa soko la Kilombero. Nikasema hili siwezi kuliamua kwa akili zangu, nitafunga siku tatu nimwombe Bwana aniongoze. Nikafunga kwelikweli, hata chai sikunywa. Ombi langu lilikuwa moja: Bwana, nionyeshe njia.

Sasa, dukani nilikuwa na sado mbili, yale makopo ya plastiki ya kupimia nafaka. Wenzangu wa nafaka mmeanza kuangalia chini, inueni vichwa, simtaji mtu. Sado moja nilikuwa nimeitanua kwa maji ya moto, ikawa na tumbo. Hiyo nilikwenda nayo kwa wakulima. Ya pili kitako chake nilikuwa nimekibonyeza kwa ndani kwa moto wa mshumaa, na hiyo ilikaa mezani kwa ajili ya wateja. Ukiitazama kwa juu huoni kitu. Imejaa, ina kilima, inapendeza. Lakini chini imekula kama kikombe kimoja cha chai. Sado ni lita nne, yaani vikombe 16 vya robo lita. Kwa hiyo kila nikiuza sado 16, sado moja nzima ilikuwa imebaki kwangu bila mtu kulalamika. Na nilikuwa na maelezo. Kodi ya pango, ushuru, panya, madeni ya watu. Nilikuwa najiambia, "Soko zima linafanya hivi, na nisipofanya nitafunga duka, nikifunga duka zaka nitaitoa wapi?" Yaani nilikuwa nampunja mama lishe ili Mungu apate zaka yake.

Siku ya pili ya kufunga ilikuwa likizo ya shule. Binti yangu, wa miaka kama kumi, alikuja kunisaidia. Akaingia mteja, mama lishe mmoja wa siku zote, akataka sado tatu za maharage. Mtoto akageuka, akauliza kwa sauti yake safi ya shuleni: "Baba, nitumie sado ipi, ya kununulia au ya kuuzia?"

Nilimkalipia. Sikumbuki nilisema nini, ila nakumbuka nilimnyang'anya sado. Yule mama hakusema neno. Alicheka kidogo, akapokea maharage yake, akajitwika akaondoka. Wiki iliyofuata akarudi kununua kama kawaida. Ndipo nikafahamu kwamba alikuwa anajua siku zote.

Mngetarajia niseme kwamba jioni ile nilizitupa sado. Sikuzitupa. Nilimaliza siku yangu ya tatu ya kufunga nikimwomba Mungu anionyeshe njia ya Arusha, na sado iko chini ya meza. Nilijiambia nitaibadilisha mwaka mpya. Sado mpya bei yake haizidi soda chache, lakini niliona ni gharama isiyofaa kwa wakati ule. Ilipokuja likizo nyingine nikamwambia mama yake, huyu mtoto abaki nyumbani, dukani kuna vumbi. Hapo ndipo nilipojiona. Nilikuwa nimefikia hatua ya kumficha mwanangu duka linalomlipia ada. Nikaenda nikazikata zote mbili kwa panga. Moja mke wangu anawekea pumba za kuku mpaka leo, na kila asubuhi napita karibu nayo.

Kama mnangoja niseme kwamba baada ya hapo wateja walifurika, sina ushuhuda huo. Miezi ya kwanza nililala na kikokotoo kifuani. Faida ilipungua sawasawa na hesabu ile ya moja kwa 16, Mungu hakuniongezea hata punje. Duka la Arusha sijafungua hadi leo. Na wale wote niliowapunja sikuwapata. Zakayo aliahidi kurudisha mara nne, lakini yeye alikuwa mtoza ushuru, huenda alikuwa na majina. Mimi nitampata wapi mtu aliyenunua sado moja ya unga akapanda basi kwenda Same? Basi naweka nyongeza, konzi moja kwa kila sado. Sijui kama deni linaisha. Naweka tu.

Kitu kimoja kilibadilika, nacho ni namna ninavyosoma. Luka 6, aya ya 38, ambayo tunaipenda wakati wa harambee: "kipimo cha kujaa na kushindiliwa, na kusukwa-sukwa hata kumwagika." Wachungaji wanasamehewa, wao hawajawahi kuuza mchele. Lakini sisi tunajua kila neno hapo ni kitendo cha mkono. Unamimina mpaka inajaa. Unashindilia kwa kiganja. Unaisuka-suka, punje zinajipanga, kinashuka kidole kizima. Unamimina tena mpaka inamwagikia mezani. Mchele unaitikia sana, mahindi kidogo. Na yale maneno yanayofuata, "vifuani mwenu", si mapambo ya lugha. Watu wa kule walikunja vazi lao mbele likawa kama mfuko, kama mama anavyokinga khanga. Yesu alikuwa amesimama sokoni, akatazama. Aya inamalizika hivi: "Kwa kuwa kipimo kile kile mpimacho ndicho mtakachopimiwa." Tukifika hapo kwenye harambee kwa kawaida kwaya huwa imeshaanza.

Ile lumbesa nayo msidhani nimeisahau. Sheria inasema gunia la mazao lisizidi kilo 100, Wakala wa Vipimo wameimba mpaka sauti imekauka, na bado tunakwenda kwa mkulima tunamwekea gunia lenye kichwa juu ya kichwa. Mkulima huyo huyo Jumapili tunapeana naye mkono wa amani.

Ninachotaka kusema kwa haya yote ni kitu kimoja. Tunaomba uongozi mpya kila siku, na agizo la zamani liko mezani halijafanyiwa kazi. Kijana anauliza Bwana anataka nimwoe nani, na huku ana mtoto Majengo hajampelekea matumizi. Mtu anaomba afunuliwe biashara ya kufanya, wakati ameshafunuliwa zamani sana kwamba amlipe fundi aliyemjengea choo. Yesu aliuliza swali hili kwa mshangao, Luka 6:46: "Na kwa nini mnaniita Bwana, Bwana, walakini hamyatendi nisemayo?" Hakusema kwamba hawasikii. Hakusema hawajui. Mimi nilifunga siku tatu nikiomba jibu, na nilikuwa nimelishika mkononi, lina kitako kilichobonyea.

Nitoe tahadhari moja, kisha niendelee, maana neno utii lina watu wanaolitumia vibaya. Si kila anayesema "Bwana ameniambia nikuambie" ametumwa. Na dada zangu, kama mtu anakupiga nyumbani halafu anakufungulia Waefeso, pale wake wanapoambiwa wawatii waume zao, huyo hamtumikii Kristo, na wewe kutafuta msaada si uasi. Mitume walipoamriwa na wakubwa wanyamaze walijibu kwamba imetupasa kumtii Mungu kuliko wanadamu. Wakubwa hao walikuwa wa dini, na wakawapiga. Haya, basi.

Sisi wa kaskazini tumekulia kwenye masimulizi ya utii mkubwa. Tunajua habari za Akeri, pale Meru, wamisionari wawili wa Kilutheri, Ovir na Segebrock, waliouawa Oktoba 1896. Miaka sita baadaye, 1902, wenzao walirudi Meru wakajenga Nkoaranga. Nikiwa kijana nilisikiliza habari hizo nikajiona kabisa nimesimama pale usiku, sikimbii. Sikuwa na shaka hata kidogo kwamba ningekufa kwa ajili ya Kristo. Mkuki haujaja. Imekuja sado, na kwa sado nilishindwa miezi minne.

Zimebaki dakika sita. Mwenyekiti ananionyesha vidole, nimeviona mama.

Hii ni Desemba. Wiki mbili hizi mabasi kutoka Dar yatajaa, barabara ya kupanda milimani haitapitika kwa magari, kila mtu anarudi kihambani kwao, kwenye shamba la migomba la nyumbani. Wapare na Wameru mnivumilie kidogo, nasema na Wachaga wenzangu. Mathayo 5, aya ya 23. Ukileta sadaka yako madhabahuni, "na huku ukikumbuka ya kuwa ndugu yako ana neno juu yako," iache sadaka, nenda upatane naye kwanza. Mimi niliisoma aya hii miaka mingi kinyume. Niliisoma kana kwamba inasema nikikumbuka neno nililo nalo mimi juu ya ndugu yangu. Hapana. Inasema yeye ana neno juu yangu. Yaani mkosaji ndiye anayesimamishwa pale na mbuzi wake mkononi.

Mimi ni kifungua mimba. Mdogo wangu wa mwisho, kama ilivyo kwetu, ndiye aliyebaki na nyumba ya baba. Vihamba vyetu vinapakana, na mpakani kuna masale. Wageni labda mmeyaona, yale majani marefu ya kijani yanayopandwa kwa mstari. Masale ni mpaka. Na masale hayohayo, mtu akimkosea mwenzake, huchukuliwa jani likafungwa fundo, likapelekwa kwa aliyekosewa kuomba msamaha, na kwa mila aliyepelekewa sale hakatai. Mababu walipanda msamaha palepale penye ugomvi. Sijui kama waliufikiria hivyo, au ndio mmea uliokuwa karibu.

Masale hayana ubishi. Ukikata fimbo yake ukaichomeka popote, inashika. Mdogo wangu alipokuwa Dar kikazi, mimi niliyachomeka upya hatua mbili ndani ya kwake, kwenye urefu wa migomba 11. Mvua za masika zilipokwisha yalikuwa yamestawi, huwezi kujua. Yeye alijua. Alikuja Pasaka iliyofuata, akasimama pale mpakani kitambo, akaondoka bila kuingia kwangu kunywa maji. Huu ni mwaka wa sita. Krismasi tunakula ndafu moja, mbuzi mzima wa kuchoma, watoto wetu wanacheza pamoja, sisi wawili tunazungumza kwa kupitia mama. "Mwambie kaka yako apitishe chumvi." Chumvi iko katikati yetu.

Kwa hiyo mwenyekiti aliponiuliza ninatii nini, nilipata jibu la sado kwa haraka, kwa sababu la sado limekwisha. Hili la pili sikutaka kulisema hapa. Nimelisema kwa kuwa jana usiku nilijaribu kuandaa hotuba nzuri isiyokuwa nalo, na kila nilipofika Kana kwenye "hata juu" kalamu ilisimama.

Mdogo wangu anafika Ijumaa ya wiki ijayo na basi la mchana. Nimemwomba mama asimwambie kitu. Siku hiyo duka langu linafungwa saa nne asubuhi, maana masale hayo yenyewe lazima niyang'oe kwanza kabla hajafika, na mimi mgongo wangu si wa kijana tena. Anayehitaji maharage kwa ajili ya sikukuu aje Alhamisi. Na kama kuna kijana hapa mwenye jembe na nafasi Ijumaa hiyo asubuhi, tuonane mlangoni, nitamlipia nauli ya kupanda na kushuka.